Kupunguza

Miaka ishirini na sita sikuandika kipimo.
Pale Kibuye, banda la tatu kutoka kwa wauza kamba,
mteja alisimama, nikamzungushia utepe,
nikatia yote kichwani:
kifua thelathini na nane, mkono ishirini na tatu,
bega la kushoto limeshuka kidogo, usimwambie.
Ukirudi baada ya mwaka
nilikukatia suruali bila kukugusa.
Watu walitoka Ahero kuja kunijaribu tu.

Jioni nilikuwa na chupa zangu.
Nne. Jumamosi sita. Mwisho wa mwezi sihesabu,
na asiyehesabu hadaiwi na nafsi yake.
Sikuanguka mtaroni. Sikumpiga mtu.
Saa moja asubuhi cherehani ilikuwa inalia.
Mlevi nilimjua: ni Ondiek,
yule alalaye juu ya magunia ya omena.
Mimi nilikuwa mnywaji.

Kisha, Aprili, Damaris Ogutu akajaribu gauni lake la kwaya
likamkwama mabegani.
Nilikuwa nimemkatia mwili wa mtu mwingine.
Wa nani, hata leo sijui.
Alicheka. Akalipa. Hakurudi.

Peres, mke wangu, hakuitaja pombe.
Alisema: "Umeniuliza mara tatu kama Maseno kulinyesha."

Daktari Jelagat, mdogo kuliko kitinda mimba wangu,
alinipa karatasi nichore uso wa saa.
Nikachora duara safi, duara ni kazi yangu,
nambari zote nikazisonga upande mmoja
kama watu waliokimbilia kibaraza cha duka mvua ikinyesha.
Akanipa maneno matatu nimtunzie:
limau, daraja, paka.
Tukaongea bei ya vitambaa. Akayadai.
Nilikuwa na limau. Nilikuwa na paka.
Katikati palikuwa na mto
na hapakuwa na cha kuvukia.

Hakunitisha. Alisema ubongo haupigi kelele,
unasinyaa kimya.
Kama pamba iliyofuliwa kwa maji moto, nikamwambia.
Akatabasamu. "Basi punguza," akasema,
"taratibu, na uje nikuone."

Neno langu hilo!
Maisha yangu yote watu wameniambia punguza:
fundi, punguza kiuno, punguza pindo,
nimekonda, fundi, nimekonda kwa mawazo.
Na kupunguza hakuanzi na mkasi.
Unafumua kwanza.
Unatia pini.
Unamvalisha mtu, unatazama anavyopumua.

Nne zikawa tatu, chaki ukutani ikishuhudia.
Wiki ya pili mikono ilitetemeka,
tundu la sindano likanicheka.
Kondele wakaniuliza kama nimeokoka.
Nikasema hapana, nimetia pini tu.
Wakaangua kicheko, isipokuwa Ochola,
aliyeitazama glasi yake muda mrefu.

Juni, harusini Siaya, nilifumua mshono wote.
Nikaanza tena kwenye pindo.

Sasa ni moja, Jumamosi,
na kuna Jumamosi ambazo hainywewi.
Na nina daftari.
Aibu yake naijua, wafundi wenzangu wananichungulia.
Naandika. Wachungulie.

Vipimo vingine vimerudi vyenyewe, kama kuku jioni:
vya karani wa bandari, vya mapacha wa Nyalenda.
Vya Damaris havijarudi.
Nimenunua kitambaa cha samawati, mita tatu,
kimekaa rafuni.
Ingebidi nimwite, nimwombe asimame tena,
nimweleze kwa nini.
Sijamwita.

Jana nikipiga pasi kola ya mtu,
bila kuulizwa na yeyote, nikasema kwa sauti:
"Daraja."

Mwanagenzi wangu akainua kichwa.
"Daraja gani, fundi?"

Nikampa ncha ya utepe.
Shika huku, nikamwambia. Vuta kidogo.
Soma nambari. Mimi naandika.